Mpinga vita wa aina gani? Kukataa silaha kabisa, vita vya haki, au mapambano bila silaha

Vita vikianza mahali popote duniani watu wanagawanyika fasta, huyu anasema vita ni dhambi basi, yule anasema kuna vita ambavyo havikwepeki, mwingine anasema tuingie barabarani tuandamane, na wote watatu wanajiita wapenda amani. Na ni kweli wanaipenda, ila hawasemi kitu kimoja. Tatizo ni kwamba wengi tunachagua mojawapo bila kujua tumechagua nini, alafu siku jambo limefika mlangoni unakuta msimamo wenyewe haukushiki. Kwahiyo naziweka njia zote tatu kwenye mizani, dini yake na siasa yake, gharama yake, na pale kila moja inapokwama, ili anayechagua achague akijua.

Kabla ya hapo kuna ya nne siihesabu kabisa, nayo ni kunyamaza. Mtawala anahubiri amani huku watu wanapotea na magereza yanajaa, hiyo sio amani, ni kimya cha woga, na nabii Yeremia aliwaona zamani sana watu wa namna hiyo, wanaosema "Amani, Amani, wala hapana amani". Hata Gandhi mnayemjua aliandika mwaka 1920 kwamba kama hakuna kingine ila woga au kutumia nguvu, basi yeye angeshauri nguvu. Hilo linasahaulika sana, watu wanadhani kukataa vita maana yake ni kujifungia ndani mpaka kelele ziishe.

Kukataa silaha kabisa

Hii ndo ya zamani kuliko zote kwa upande wa Wakristo. Mwaka 295 kule Numidia, Algeria ya leo, kijana wa miaka 21 anaitwa Maximilian aliletwa kuandikishwa kwenye jeshi la Roma, akakataa hata kuvaa ile nembo ya askari shingoni, akasema yeye ni Mkristo hawezi kutumika, wakamkata kichwa siku hiyo hiyo. Baada ya hapo mstari ukaendelea, Waanabaptisti, kundi la Wakristo wa Ulaya, waliandika msimamo wao Schleitheim, Uswisi, mwaka 1527 na Wamennonite wakaurithi, Waquaker, dhehebu la Uingereza, wakamtangazia mfalme wao Charles II mwaka 1660 kwamba hawatapigana kwa silaha kwa sababu yoyote ile, na karne ya 20 Mashahidi wa Yehova wakaingia kambi za Hitler wakiwa wameshonewa pembetatu ya zambarau. August Dickmann, mmoja wao, alipigwa risasi kwenye kambi ya Sachsenhausen tarehe 15 Septemba 1939 mbele ya wafungwa wenzake kwa kukataa jeshi tu, vita ilikuwa haijamaliza hata mwezi.

Wajaini, dini ya India, nao wanaanzia hapo hapo kwenye ahimsa, usidhuru chenye uhai. Na ukisoma Qurani sura ya tano unamkuta Habil anamwambia ndugu yake kwamba hata ukininyooshea mkono kuniua mimi sitakunyooshea wangu kukuua, wapo wanazuoni waliojenga juu ya aya hiyo fundisho zima la kutolipiza, ingawa sio ndio msimamo wa wengi.

Sasa ndani ya njia hii kuna chaguo lingine dogo ambalo watu hawalioni mpaka wameshafika mbele ya afisa. Unakataa bunduki, au unakataa na jeshi lenyewe? Mashahidi wa Yehova wanakataa vyote. Desmond Doss, Msabato wa Marekani, yeye alikubali sare akakataa bunduki, akawa mhudumu wa majeruhi, na Mei 1945 kule Okinawa inakadiriwa aliwashusha majeruhi kama 75 kwenye mwamba mrefu mmoja mmoja kwa kamba huku risasi zinalia. Alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake bila kuwahi kufyatua risasi. Wote wawili, Dickmann na Doss, ni wapinga silaha, lakini Dickmann angemwambia Doss kwamba ukimtibu askari ukamrudisha mstarini umeisaidia vita, na hoja hiyo sio nyepesi. Uiamue mapema.

Uzuri wa njia hii ni kwamba gharama unailipa wewe, kwa mwili wako. Hakuna mtoto wa mtu mwingine anayekufa kwa ajili ya msimamo wako, angalau sio kwa mkono wako. Franz Jägerstätter alikuwa mkulima tu wa Austria, Mkatoliki, na viongozi wake wa kanisa walimshauri aende jeshi la Hitler afikirie mke na watoto, akakataa, wakamuua tarehe 9 Agosti 1943. Kanisa lile lile likaja kumtangaza mwenyeheri mwaka 2007. Miaka 64! Ukichagua njia hii usitegemee kwamba mchungaji au sheikh wako atakuwa nyuma yako siku hiyo, anaweza asiwepo.

Ubaya wake unajulikana, na nisingependa tuukwepe. Jirani yako anauawa, utafanya nini? Rwanda 1994 watu kama laki nane waliuawa ndani ya siku mia hivi, na kumwambia mtu aliyeokoka pale kwamba kushika silaha ni dhambi daima, mimi sina ujasiri huo. Jibu zuri zaidi nililowahi kuliona ni la kijiji cha Le Chambon-sur-Lignon, Ufaransa, ambapo mchungaji André Trocmé na wanakijiji waliwaficha Wayahudi kwa maelfu kuanzia 1940 hadi mwisho wa vita bila kumuua mtu, majumbani, mashambani, shuleni. Kwahiyo kukataa kuua sio kukaa. Lakini pia ni kweli kwamba Ufaransa ilikombolewa na majeshi yenye vifaru, na ukiwa wa njia hii lazima uweze kulisema hilo bila kuona haya.

Kwenye siasa njia hii ni ngumu zaidi. Jeannette Rankin alipiga kura ya hapana kwa vita kwenye bunge la Marekani mwaka 1917, akarudi akapiga tena hapana Desemba 1941 siku moja baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kura 388 kwa 1, alizongwa mpaka akaingia kwenye kibanda cha simu, na siasa yake ikaishia hapo. Kuna nchi iliyojaribu kama nchi, Costa Rica ilifuta jeshi tarehe 1 Desemba 1948 na mpaka leo haijalirudisha, ila ina polisi na ina mikataba na majirani ya kulindana, yaani haikujiachia tu hewani.

Vita vya haki

Wengi wetu tuko hapa hata kama hatujui jina lake. Ukisema "mimi sipendi vita lakini nchi ikivamiwa lazima ijilinde", karibu, uko njia ya pili.

Upande wa kanisa ilianza na Agostino, askofu wa kale, alafu Thomas Aquinas karne ya 13 akaiweka kwa masharti matatu, vita vitangazwe na mwenye mamlaka, viwe na sababu ya haki, na nia iwe njema. Baadaye yakaongezwa mengine, iwe ni baada ya njia zote kushindikana, kuwe na tumaini la kufaulu, madhara yasizidi kile unachookoa, na raia wasiguswe. Kwenye Uislamu ruhusa ya kupigana inatolewa kwa waliodhulumiwa (22:39), alafu inawekewa mipaka, piganeni na wanaowapiga lakini msivuke mpaka (2:190), na wakielekea amani nanyi elekeeni (8:61). Khalifa Abubakar anapokelewa kuwa aliagiza jeshi lake lisiue wanawake, watoto wala wazee, lisikate miti ya matunda. Na sheria ya leo ya dunia ni hiyo hiyo kwa lugha ya wanasheria, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 unakataza nchi kuitumia nguvu dhidi ya nyingine, kifungu cha 2(4), alafu kifungu cha 51 kinaacha mlango wa kujilinda.

Nguvu ya njia hii ni kwamba inakupa maswali ya kuuliza. Njia ya kwanza inasema hapana kwa kila vita, kwahiyo kiongozi anakuzoea, hakuogopi. Wa njia ya pili anauliza nani katangaza, ushahidi uko wapi, mlijaribu nini kabla, raia wangapi, mtatokaje huko. Mwaka 2003 kabla ya Iraq kuvamiwa, mamilioni ya watu waliingia barabarani tarehe 15 Februari kwenye miji mamia duniani, na wengi wao hawakuwa wanapinga kila vita, walipinga hivyo, kwa sababu havikupita mtihani. Silaha za maangamizi zilizotajwa kama sababu hazikupatikana.

Na hapo hapo udhaifu wake unaonekana, kwamba vita vilikwenda. Hakuna mtawala aliyewahi kusimama akasema vita vyangu ni vya dhulma, wote wanafaulu mtihani walioutunga na kuusahihisha wenyewe. Libya 2011 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1973 kulinda raia, sababu ambayo kwa masharti yote unaweza kuitetea, ikageuka kuwa kuiangusha serikali na nchi ikapasuka vipande. Papa Francis mwaka 2020 akaandika kwamba kwa silaha za siku hizi ni vigumu sana kuendelea kutumia vigezo vile vya karne zilizopita kuzungumzia vita vya haki. Huyo alikuwa mkuu wa kanisa lile lile la Agostino na Aquinas, sio jambo dogo.

Kipimo ninachompa mtu wa njia hii ni kimoja. Nitajie vita ambavyo upande wako, nchi yako au dini yako, ilipigana na wewe unasema havikuwa vya haki. Kama hakuna hata kimoja basi hicho ulichonacho sio mizani, ni muhuri.

Kuna na mtego wa kisheria ambao ungejulikana mapema ungeokoa vijana wengi. Nchi nyingi zenye jeshi la lazima zinazotambua haki ya dhamiri zinamtambua wa njia ya kwanza, anayekataa vita vyote. Wewe unayesema "hivi sipigani ila vingine ningepigana" mara nyingi huna kifungu. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo waziwazi mwaka 1971. Muhammad Ali alipokataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam tarehe 28 Aprili 1967, serikali ilimbana hapo hapo, kwamba huyu hapingi vita vyote maana vita vitakatifu angeenda, akahukumiwa miaka 5 na faini ya dola 10,000, akanyang'anywa mkanda, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila ulingo, mpaka mahakama ikafuta hukumu Juni 1971 kwa kura 8 kwa 0. Kwahiyo njia inayoonekana ya kati na kati, ya mtu mwenye busara, mahakamani inaweza kuwa ndio yenye ulinzi mdogo kuliko ya yule anayeitwa mwenye msimamo mkali.

Mapambano bila silaha

Hii sio kati ya zile mbili, ni kitu kingine. Inakubaliana na ya pili kwamba dhulma lazima ipigwe, inakubaliana na ya kwanza kwamba hauui. Msingi wake ni kwamba mtawala yeyote anasimama juu ya watu wanaotii, karani, dereva, mwalimu, askari, mlipa kodi, na hao wakiacha kutii kwa pamoja yeye anabaki na ofisi tu.

Gandhi aliianza Afrika Kusini, Johannesburg, Septemba 1906, sio India. Mwaka 1930 akatembea na wenzake 78 hivi siku 24 mpaka baharini Dandi kuokota chumvi ambayo Mwingereza aliifanya ni kosa kuitengeneza bila kodi. Angalia alivyochagua, chumvi, kitu ambacho kila mtu anakihitaji na sheria yake kila mtu anaweza kuivunja. Na sio Wahindu peke yao, Abdul Ghaffar Khan, Mwislamu wa Kipashtuni, watu ambao dunia nzima ilishawaita watu wa bunduki na visasi, aliwaapisha maelfu kwa maelfu kwamba hawatalipiza, na akasema anaitoa subira hiyo kwenye Uislamu wake. Aprili 1930 Peshawar askari wa Mwingereza waliwapiga risasi, nao wakasimama tu, mpaka kikosi kimoja cha askari wa Garhwal kikakataa kuendelea kufyatua. Hapo ndo unaona inavyofanya kazi, haikuwaondoa Waingereza siku ile, ila ilimfikia aliyeshika bunduki.

Erica Chenoweth na Maria Stephan walizipitia harakati 323 za kuanzia 1900 hadi 2006, zisizo na silaha zilifaulu asilimia 53, zenye silaha 26. Watafiti wengi walishangaa, Chenoweth mwenyewe alianza akiwa haamini. Ila usiichukue namba hiyo kama ahadi. Nyingi kati ya harakati hizo ni za watu dhidi ya serikali yao au dhidi ya mkoloni na mvamizi aliyekuwa anawahitaji wafanye kazi. Mtu asiyekuhitaji hata kidogo, anayetaka tu usiwepo, huyo mgomo wako haumuumi. Na miaka ya karibuni serikali nazo zimejifunza, ufaulu umeshuka.

Afrika Kusini inafundisha ugumu wake kuliko mahali popote. Sharpeville, 21 Machi 1960, watu 69 waliuawa wakiwa wameenda kituo cha polisi kwa makusudi bila pasi, kile kitambulisho ambacho mtu mweusi alilazimishwa kutembea nacho. Albert Luthuli alipokea Nobel ya amani Oslo tarehe 10 Desemba 1961, na tarehe 16 mwezi huo huo Umkhonto we Sizwe, akina Mandela, wakalipua mabomu ya kwanza. Siku sita. Chama kimoja, ANC, watu wanaoheshimiana, na mimi siwezi kumhukumu mmoja wao. Lakini ukiangalia nini kiliichosha serikali ile miaka ya 80 utakuta migomo ya wafanyakazi, kususia maduka na kodi za nyumba, makanisa, vikwazo vya nje, zaidi ya mabomu.

Gharama yake ni nidhamu na muda. Montgomery, Marekani, weusi waliosusia mabasi ya ubaguzi walitembea kwa miguu na kupeana lifti siku 381 kuanzia Desemba 1955. India mwaka 1922 umati uliwachoma polisi 22 ndani ya kituo Chauri Chaura, na Gandhi akasimamisha harakati ya nchi nzima, wenzake walimkasirikia sana. Jiwe moja tu linampa mtawala sababu aliyokuwa anaitafuta, kwahiyo kama kundi lenu halina mtu anayeweza kusema "leo tunarudi nyumbani" na akasikilizwa, bado hamjawa tayari.

Ukiziweka pamoja

Nani analipa? Ya kwanza unalipa wewe. Ya tatu mnalipa nyie na familia zenu. Ya pili wanaolipa kwa kawaida ni vijana waliotumwa na raia waliokuwa njiani, na aliyeamua yuko mbali, hili kwangu ndio jambo zito kuliko yote.

Ukikosea unaweza kurudi nyuma? Mgomo ukifeli mwezi huu mnapanga mwingine. Iraq 2003 ungekuja kugundua sababu haikuwa kweli, waliokufa hawarudi.

Nani anaweza kushiriki? Vita vinachagua wenye nguvu. Liberia 2003 waliokaa kwenye jua na fulana nyeupe kudai vita vya wenyewe kwa wenyewe viishe ni wanawake, Wakristo na Waislamu pamoja, wauza samaki, wajane, wakiongozwa na Leymah Gbowee, na mazungumzo yalipokuwa yanazungushwa Accra walikaa mlangoni wakashikana mikono wakakataa wajumbe wasitoke, walinzi walipotaka kumkamata Gbowee akaanza kuvua nguo, na kwa mila kumuona mama akijivua ni laana, wanaume wakarudi nyuma. Mkataba ulisainiwa tarehe 18 Agosti. Hakuna jeshi lingewachukua wale mama, na wao ndio waliowasukuma waliokuwa na majeshi.

Kwa hiyo uchague ipi? Kama unakataa kuua kwa sababu ni amri ya Mungu kwako, matokeo yawe yatakavyokuwa, basi ya kwanza ni yako na usijaribu kuitetea kwa asilimia za ufaulu, haikusimama hapo. Iandike mapema, iishi mapema, maana watakaokuhoji watauliza kama ulianza kuamini juzi ulipoitwa. Kama uko kwenye nafasi, mbunge, afisa, askari, mshauri wa mtu mkubwa, ya pili huwezi kuikwepa, utapiga kura tu siku moja. Barbara Lee, mbunge wa Marekani, mwaka 2001 hakuwa anakataa kila vita, alikataa kumpa rais ruhusa isiyo na mipaka ya kupigana baada ya mashambulizi ya Septemba 11, hundi iliyoachwa wazi, kura 420 kwa 1, na ruhusa ile ikaja kutumika miaka mingi kwenye nchi nyingi. Huyo ndo anaitumia mizani.

Mimi naegemea ya tatu, na maswali ya ya pili nayabeba mfukoni kwa ajili ya wakubwa. Najua inaweza kunifikisha mahali ambapo yenyewe haitoshi. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani, alihubiri amani miaka mingi alafu akajiunga na waliopanga kumuua Hitler, wakamnyonga tarehe 9 Aprili 1945, na hakuwahi kusema mkono wake ni safi, alisema anabeba hatia mbele ya Mungu akiomba rehema. Nikifika huko nisingetaka kuita ninachofanya jina zuri kuliko alivyokiita yeye.

Ila kwa wengi wetu, tusio na jeshi wala kiti bungeni, ya tatu ndo yenye kazi ya kufanya leo, na inaanza kabla ya hatari. Norway 1942 Quisling, aliyetawala kwa niaba ya Wanazi, alitaka walimu wote wawe chama kimoja wafundishe itikadi ya Kinazi. Zilikuwa zimeshapita kimya kimya sentensi chache za kukataa, kila mwalimu anakili kwa mkono wake, anaweka jina lake, anatuma siku moja na wenzake. Walimu ni kama 12,000 na walio wengi walituma. Karibu 1,000 walikamatwa, mamia wakapelekwa Kirkenes, kaskazini kabisa kwenye baridi, kufanya kazi za kupakua meli. Familia za waliokamatwa zilikusanyiwa michango, na walio wengi kambini hawakusaini kujiunga. Chama kile hakikufanikiwa, na ilipofika Novemba walimu wa Kirkenes walikuwa wamerudishwa nyumbani.